Tanguliza Salamu, Mbio Zifuate

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilikimbia katika vichochoro vya Ujiji huku nikicheka na kuwapungia watu mkono, kumbe watu wenyewe walikuwa wanataka kuniua.

Usishtuke. Ukimwona mtu anasimulia, ujue alipona. Nakusimulia kwa sababu nimesikia kwamba tangu uhamie kwenye mji wa watu, unashinda ndani. Unatoka kwenda kazini au shuleni, unarudi, unafunga mlango. Unasema huwajui, nao hawakujui, na nje kuna hatari. Sikulaumu hata kidogo. Mimi pia nilianza kwa kujifungia, kisha nikatoka, tena nikatoka vibaya. Aliyenionyesha namna nzuri ya kutoka alikuwa mama mmoja mwanika dagaa, na leo nataka nikupe alichonipa.

Ilikuwa miaka ile sisi watu wa Burundi tulipokuwa tukivuka mpaka makundi kwa makundi, mtu kabeba mtoto, mtu kabeba godoro, mwingine hakubeba kitu. Mimi nilikuwa kijana mbichi, naitwa Nestori, na nilichovuka nacho ni miguu yangu. Usicheke. Kwetu milimani miguu hiyo ilikuwa na sifa. Kilima chetu kikipata msiba, au mtoto akizaliwa, au ng'ombe akipotea, niliitwa mimi nipeleke habari kilima cha pili. Nilishuka bondeni na kupanda ng'ambo kabla sufuria ya maharage haijachemka. Watu waliponiona napita waliacha majembe wakanipigia kelele: "Mwiza! Mwiza!" Kwa Kirundi maana yake ni mzuri, safi kabisa.

Tulikaa kambini kwa muda, kisha mama yangu mdogo, Anjelina, akaja kunichukua. Yeye alikuwa Ujiji siku nyingi, mjane, akiuza unga wa muhogo sokoni. Alinipenda kama mtu apendavyo yai lake la mwisho, yaani hakutaka nitikisike. Siku ya kwanza tu alinikalisha kitandani akanipa sheria.

"Usitoke, mwanangu. Hapa si kwetu. Mgeni ni kuku mweupe, mwewe humwona wa kwanza."

Basi nikakaa. Chumba kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa jirani. Yeye alikwenda sokoni alfajiri akarudi jioni, nami nilibaki nikiwasikiliza watu wakiishi upande wa pili wa ukuta: watoto wanagombana, mtu anatwanga, mwadhini anaadhini, mwanamke anamcheka mumewe. Wiki zikapita. Chakula kikawa hakipiti kooni. Usiku nilikuwa macho, mchana nasinzia. Magoti yakaanza kuniuma kama ya mzee, na sikuwa nimefanya kazi yoyote. Mwili wa kijana, mwanangu, ni kama mtumbwi: ukiuacha juani bila kuutia majini, mbao zinaachana.

Asubuhi moja Anjelina alipoondoka tu, sikuweza tena. Nilifungua mlango, nikavua shati kwa ajili ya joto, nikalikunja na kulibana kwapani. Nikakimbia.

Nikueleze vipi furaha ile? Hewa ilikuwa na harufu ya mawese na moshi wa kuni. Wanawake walikuwa wanafagia nje ya nyumba zao, muuza kahawa anagongesha vikombe vyake, na mimi nikapita katikati yao kama upepo, sikumsalimu hata mmoja. Salamu ya nini? Nilikuwa nakimbia! Barabara ilikuwa inateremka kuelekea ziwani, na kwa mbali nikaliona Tanganyika limelala, la fedha, na milima ya Kongo ng'ambo. Machozi yalinitoka. Nikacheka peke yangu.

Ndipo nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamume: "Mwizi! Mwizi huyo!"

Hapa ndipo lugha iliponichezea. Kiswahili changu cha siku zile kilikuwa cha kuombea maji na chumvi tu. Nikasikia "mwiza". Nikajiambia, kumbe na hapa wanajua kumsifu mkimbiaji! Sauti nyingine ikadakia, na ya tatu, mpaka mtaa mzima ukawa unaniita. Nikageuka nikawapungia mkono. Nikaongeza mwendo ili niwafurahishe zaidi.

Jiwe likapita karibu na sikio langu.

Kwetu hatumsifu mtu kwa mawe. Nikatazama nyuma vizuri, nikaona fimbo, nikaona mchi, nikaona nyuso. Mbele yao wote alikuwa kijana mwembamba, kifua wazi, anakuja kwa hatua ndefu kama zangu. Hapo ndipo nilipokimbia kwa kweli, na kadiri nilivyokimbia ndivyo nilivyozidi kuwa mwizi. Kumbe wiki ile kulikuwa na watu wanaiba karabai, zile taa ambazo wavuvi hutumia usiku kuwavuta dagaa. Mtu asiyejulikana, alfajiri, mbio, na furushi kwapani: nani angefikiri vingine?

Nikafika ufukweni, na ufuko mzima umeanikwa dagaa. Nikateleza, nikaenda kifudifudi katikati yao.

Mkono mzito ukanishika bega. Alikuwa mama mnene, kajifunga khanga kifuani, na sauti yake ilikuwa ya kuitia mitumbwi iliyo mbali. Huyo ndiye Bi Zuhura.

"Kaa chini! Usisimame!" Alipoona simwelewi, akarudia kwa Kiha, ambacho ni ndugu wa damu wa Kirundi. Kisha akanitia ufagio mkononi. "Fagia. Wakusanye dagaa wangu. Fagia kama mtu aliyeajiriwa!"

Nikafagia. Kundi likafika likihema.

"Tupishe, Bi Zuhura! Huyo mwizi!"

"Kaiba nini?"

"Karabai!"

"Karabai ya nani?"

Wakatazamana. Mmoja akasema kasikia kwa mwenzake, mwenzake akasema kasikia kwa Hamisi. Hamisi ndiye yule kijana mwembamba, mvuvi, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka ziwani.

"Nilimwona anakimbia," akasema, "na ana kitu kwapani."

"Nimekuuliza kaiba nini, wewe unaniambia anakimbia. Hata bata wangu hukimbia. Mbona humpigi mawe?"

Akalichukua furushi langu, akalikunjua mbele yao. Shati. Tena shati lenyewe limetoboka mgongoni. Akapitisha kidole katika tundu, akakichezesha upande wa pili. Mtu mmoja nyuma akacheka. Ah, mwanangu, kicheko cha kwanza katika kundi lenye hasira ni kama tone la kwanza la mvua kwenye vumbi. Fimbo zikaanza kushuka.

Wa mwisho kufika alikuwa Mzee Rajabu, balozi wa nyumba kumi, mtu mwenye tumbo la heshima. Alisimama, mikono magotini, akitafuta pumzi.

"Huyu... huyu ni nani?"

"Hilo ndilo swali mlilopaswa kuuliza kabla ya kuokota mawe," Bi Zuhura akamjibu. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kiha kwa nini nilikuwa nakimbia.

Nikamwambia kweli yote. Kwamba mimi ni mtoto wa dada yake Anjelina muuza unga. Kwamba nimefungiwa, mwili unauma, nikatoka kwa sababu ya furaha tu.

"Na kwa nini uliwapungia watu mkono?"

"Walikuwa wananiita mwiza, mama."

Akanitazama. Akafumba macho. Kisha akawatafsiria. Mwanangu, sijawahi kuona watu wakicheka vile. Walishikana mabega. Hamisi alikaa chini mchangani akajipiga mapaja. Hata Mzee Rajabu, aliyekuwa hana pumzi, alizipata za kuchekea. Nami, baada ya kutazama huku na huku, nikaanza kucheka huku nalia, kwa maana nilijua jinsi nilivyokuwa karibu na kufa.

Walipotawanyika, Bi Zuhura hakucheka tena. Alinikalisha akaniambia maneno ambayo nimezeeka nayo.

"Miguu yako haina kosa, mwanangu. Mungu amekupa miguu, itumie. Lakini umepita milango yote ile, na hakuna mlango hata mmoja uliouambia wewe ni nani. Mtu akipita mbio na watu hawamjui, watajaza wenyewe pale pasipojulikana, na watu hawajazi kwa mema. Ungesema 'shikamoo' moja tu, yule bibi wa kwanza angekutetea kwa yule wa pili. Kuuliza si ujinga, na kusalimu hakukucheleweshi popote."

Nikamsaidia kugeuza dagaa mpaka jua likawa kali. Kisha akajifunga khanga ya pili, akanivalisha shati langu, na tukarudi kwa njia ileile niliyokuja nayo, safari hii kwa mwendo wa harusi. Kila mlango alinisimamisha. "Sema." Nami nasema, kwa Kiswahili changu cha kuombea chumvi: "Shikamoo. Mimi Nestori, mgeni wa Anjelina. Napenda kukimbia asubuhi."

Bibi mmoja aliitikia, "Marahaba," kisha akanitaka niseme tena kwa sababu matamshi yangu yalimfurahisha. Muuza kahawa akasema kama napenda mbio, basi nimkimbilie maji kisimani, na nikampelekea kweli. Mwanamke mmoja alikuja na kipande cha muhogo wa kuchoma, akaninyooshea bila kunitazama usoni. Baadaye nilijua kwamba mchi niliouona katika kundi ulikuwa wake.

Tulipofika nyumbani, habari zilikuwa zimeshatutangulia. Anjelina alikuwa ametoka sokoni mbio, kiatu kimoja mguuni. Alinikumbatia, akanipiga kofi, akanikumbatia tena. Kisha akamwambia Bi Zuhura, "Nilimwambia asitoke! Nilikuwa namlinda!"

"Dada yangu," Bi Zuhura akasema taratibu, "ulimficha, hukumlinda. Leo ingekuwaje kama mtaa ungekuwa unamjua?"

Anjelina akavua kile kiatu kimoja. Alikuwa anaogopa jambo jingine pia, kwamba nikijulikana nitarudishwa kambini, maana siku zile mkimbizi hakukaa mjini ila kwa ruhusa. Lakini jioni ile alinichukua mwenyewe mpaka kwa Mzee Rajabu. Mzee akatupa viti, akasikiliza, akasema angenipeleka yeye mwenyewe ofisini kuniombea ruhusa, na alinipeleka, tukasubiri sana, tukaipata. Akaongeza, "Ila kijana, ukikimbia tena, usipite kwangu. Mimi nitajiona nimelazimika kukufuata."

Kesho yake, giza halijaisha vizuri, mlango ukagongwa. Anjelina akaruka kitandani.

"Hodi! Yule mwizi yupo?"

Ilikuwa sauti ya Hamisi. Nikafungua. Alikuwa kasimama pale, kaptula na miguu mitupu, aibu na kicheko usoni.

"Nimekuja kukukimbiza tena," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kuniacha mpaka jana. Sikulala vizuri."

Basi tukakimbia. Safari hii nilipita nikisalimu, "Shikamoo bibi, shikamoo mzee," pumzi inakatika, na Hamisi ananisahihisha matamshi huku tunakimbia. Watu wakaitikia, na watoto wakanipigia kelele kutoka vibarazani, "Mwiza! Mwiza!" Jina hilo likanishika. Mpaka leo kuna wazee Ujiji wasiojua kwamba naitwa Nestori.

Hamisi ndiye aliyenifundisha mji. Nilitaka kujitupa ziwani baada ya mbio, akanishika mkono: "Ngoja. Maji usiyoyajua, muulize anayeyanywa." Akanionyesha mahali watoto wanapooga, mchanga safi, maji yanayoonekana mpaka chini, na akanionyesha penye matete ambako hata mbwa hawaendi kunywa, kwa sababu ya mamba. Alinifundisha kutazama upepo, maana ziwa letu asubuhi ni mwana-kondoo, na upepo wa kusini ukiamka ni kitu kingine. Alinikataza mbio za jua la utosi. Vyote hivyo ningeweza kuvijifunza mwenyewe, mwanangu, lakini mwalimu wake angekuwa mamba.

Sasa usifikiri kwamba tahadhari huondoa ajali. Mwenda pole hajikwai, husema watu, nami sikuwa mwenda pole. Masika moja Hamisi alikuwa ziwani, nami nikaenda peke yangu juu, njia ya vilima vya upande wa Gungu. Njiani nilimkuta mama anapalilia muhogo. Nikamsalimu, nikamwambia, "Nafika kule juu, nitarudi kwa njia hii hii." Nilisema kwa mazoea tu. Nikapanda. Kule juu udongo ulikuwa umelainika, ukingo wa korongo ukakatika, nikaenda nao chini. Kifundo cha mguu kikateguka, kikavimba kama boga. Na mvua ikaanza.

Niliita mpaka sauti ikakauka. Maji yakaanza kupita korongoni, kwanza ya kulowesha vidole, kisha ya kufika magotini. Nilijivuta mpaka kwenye mzizi, nikaushika. Nikamwaza Anjelina, jinsi atakavyosema alinionya.

Lakini yule mama wa muhogo hakuondoka. Mvua ilipomfukuza shambani alisimama chini ya paa la jirani, akihesabu moyoni: yule kijana alisema atarudi hapa, na hajarudi. Akateremka mpaka mtaani akauliza, "Yule Mwiza wenu amepita?" Hajapita. Hapo mtaa ukainuka.

Niliwasikia kabla sijawaona. Wanakuja na mvua, wameshika makasia na kipande cha tanga, na Hamisi mbele, ametoka ziwani hata hajala. Alichungulia korongoni, akaniona nimeng'ang'ania mzizi.

"Aa!" akapiga kelele. "Leo nimekukamata kweli!"

Walifunga tanga kwenye makasia wakanilaza juu, wakanibeba kwa zamu, wanateleza, wanatukanana, wanaimba nyimbo za kuvutia nyavu. Wengi wao niliwatambua. Walikuwa walewale waliokuja nyuma yangu na fimbo. Nililala pale juu, mvua usoni, nikibebwa na mji ambao zamani nilikuwa nausikia kupitia ukutani tu.

Chumba cha Anjelina kilijaa wageni siku zile. Mtu kaleta samaki aina ya mgebuka, mwingine uji, mama mkandaji anakuja kila asubuhi kuninyoosha mguu nami napiga kelele. Anjelina, aliyekuwa akiogopa watu, akawa anachemsha chai kutwa nzima na kuwaambia wakae. Na mguu ulipoanza kukanyaga, Bi Zuhura akaja jioni moja akasimama mlangoni.

"Kijana anahitaji kutembezwa mpaka ziwani, taratibu," akasema. "Anjelina, mshike mkono."

"Mimi? Nina unga wa kuchekecha."

"Unga hautakimbia."

Tukaenda watatu. Ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile mama yangu mdogo alikuwa hajawahi kushuka ziwani ila kununua samaki na kugeuka. Alisimama mbali na maji, kashika kiwiko changu, nikawa sijui nani anamtembeza nani. Watoto walikuwa wanaoga pale penye mchanga safi. Bi Zuhura akaingia mpaka magotini, akageuka, akanyoosha mkono.

"Hapa hakuna kitu, dada. Hapa naoga tangu utoto. Njoo."

Anjelina akavua viatu. Akainua khanga kidogo, akaingia hatua moja, akasimama. Akaingia ya pili. Wimbi dogo likaja likampiga mapajani, akapiga yowe la kuitia watu, na kabla yowe halijaisha likageuka kicheko. Alicheka mpaka akakaa majini na nguo zake zote. Watoto wakamzunguka wakimrushia maji, naye akawarushia. Tangu tuvuke mpaka sikuwa nimemsikia mtu wa kwetu akicheka hivyo. Tulirudi nyumbani gizani, tunachuruzika maji, na kila mlango ulituuliza kulikoni, naye ndiye aliyejibu.

Basi, mwanangu, chukua maneno yangu. Toka nje. Usiuache mwili wako uoze chumbani kwa kuogopa mji, kwa maana mji utaujua kwa kuukanyaga. Lakini tanguliza jina lako kabla ya miguu yako. Msalimu jirani, na asipoitikia leo, msalimu kesho, huenda hata yeye ni mgeni na anaogopa kama wewe. Ukitaka kutembea, uliza njia gani ni nzuri na saa gani si nzuri, na ukiambiwa, usibishane na waliozaliwa hapo. Maji usiyoyajua usiyaingie kwa sababu tu yanametameta. Tafuta mwenzako wa kwenda naye, hata awe mmoja, hata muanze kwa kugombana. Na siku utakayokwenda peke yako, mwambie mtu unakokwenda na utarudi lini. Simu yako ni kitu kizuri, lakini inazimika. Yule mama wa muhogo hakuzimika. Halafu ukishaujua mji, tazama dirishani kwa jirani yako: pengine yumo Anjelina ndani, anachekecha unga, anangoja mtu wa kumwambia njoo.

Mungu akujalie miguu yenye nguvu na macho ya kuona unapoikanyaga. Akujalie majirani watakaouliza, "Mbona hajarudi?" Akuepushe na jiwe la mtu asiyekujua na wimbi la maji usiyoyajua. Na mji huo wa watu, kwa rehema zake, uje siku moja ukuite kwa jina zuri, nawe uitike ukiwa unacheka. Amina, mwanangu. Haya, vaa viatu, utoke.